Mgeni Aliyeachwa na Ildefons

Felicitas alipoletewa mgeni aliambiwa ni wa majuma mawili tu. Aliyemwambia hivyo alikuwa kaka yake, Ildefons, amesimama mlangoni mwa nyumba ya bati aliyoijenga kwa mshahara wa serikali, koti begani, viatu vimejaa vumbi jekundu la barabara ya Kamachumu. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu aliyeshika sanduku kwa mikono miwili, kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiyemjua.

"Huyu ni Benedict," alisema Ildefons. "Anapumzika kidogo, halafu tutaona."

Felicitas alimtazama mgeni, akalitazama sanduku, akageuka kuitazama migomba, akapima kwa macho mikungu iliyokomaa. Kisha akaingia ndani kuleta akamwani, zile buni zilizopikwa na kukaushwa ambazo kwao mgeni hutafuna kabla hajaulizwa neno. Mgeni akazipokea kwa adabu, akazimeza bila kutafuna, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Hiyo ilikuwa mwaka 1970, vita vya Nigeria vilipokuwa vimekwisha punde. Sasa ulikuwa mwaka 1974, Ildefons alikuwa kaburini nyuma ya nyumba, na mgeni alikuwa bado yupo.

Felicitas mwenyewe alikuwa amefika katika nyumba ile kwa njia ya huzuni. Aliolewa Kagondo, karibu na mji wa Bukoba, akakaa na mume bila kupata mtoto, mpaka siku moja mama mkwe akaanza kumpikia mwanawe chakula cha peke yake. Hakungoja kufukuzwa. Alirudi kwao na kikapu kimoja. Ildefons aliposikia alimwambia, "Mimi nakaa Dar es Salaam. Nyumba inataka mtu wa kuwasha moto. Kaa." Hakumuuliza jambo jingine, na kwa hilo Felicitas alimpenda kuliko ndugu zake wote.

Ildefons alikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa kama watoto wengine wa pale. Tofauti yake ni kwamba mapadri walimsomesha, akafika Makerere, na Uhuru ulipokuja ukamkuta na suti moja na Kiingereza kizuri. Akaingia Wizara ya Mambo ya Nje. Hakuwa balozi. Alikuwa mmoja wa wale wanaokaa nyuma ya balozi na kumnong'oneza majina ya watu. Lakini mwaka 1968, serikali yetu ilipoitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria, kabla ya nchi nyingine yoyote, Ildefons alikuwa miongoni mwa waliotumwa kwenda huko. Krismasi ile alirudi nyumbani akiwa hawezi kunyamaza. Alikaa jikoni na dada yake akimenya naye ndizi, jambo ambalo wanaume wa kwao hawafanyi, akamsimulia jinsi walivyokula chakula cha mchana katika nyumba iliyopasuliwa paa na bomu, na wenyeji wao bado wamevaa tai.

"Nchi haiwi nchi kwa sababu ya bendera, Felicitas. Bendera hata fundi cherehani wa Bukoba anaweza kuishona. Inakuwa nchi siku mwingine anaposimama mbele ya watu akasema, huyu nimemwona."

"Na huyo mwingine akigeuza uso baadaye?"

Ildefons alicheka. "Wewe ungefaa kazi yetu."

Januari ya 1970 Biafra ilisalimu amri. Ofisi yao ndogo ya Dar es Salaam, ambamo Benedict alikuwa karani, ikafungwa siku moja kama duka la mtu aliyefilisika. Kilichofuata ni kwamba nchi mbili zilizokuwa zimenuniana, yetu na Nigeria, zilipatana, na ilibidi mtu aandike maneno ya kupatana. Ildefons ndiye aliyepewa kazi hiyo.

"Niliandika vizuri," alimwambia dada yake. Alikuwa amekonda. "Wakubwa wamenisifu. Ukisoma utadhani Biafra haikuwahi kuwapo."

Benedict alikuwa na mke na watoto wawili, na njaa ya vita iliwamaliza wote. Serikali ya kule ilitangaza kwamba kila mtu arudi nyumbani, hakuna atakayeadhibiwa, na wengi walirudi. Alipoulizwa kwa nini asirudi, Benedict alijibu kwa Kiswahili chake cha taarifa ya habari: "Ninasadiki kwamba hawataniua. Lakini nikifika nitapiga hodi kwa nani?"

Majuma mawili yalipokwisha, mchana mmoja wa mvua, siku moja kabla ya kurudi kazini, Ildefons alimwomba dada yake alete tunda bivu la kahawa kutoka mti ulio karibu na jiko, na wembe mpya. Felicitas alielewa mara moja. Tangu abatizwe alikuwa amesikia padri akiukemea omukago, udugu wa kuchanjana, kuwa ni mambo ya giza.

"Wewe si umesoma mpaka Makerere?" alimuuliza.

"Ndiyo maana," alisema Ildefons. "Nilimtambua mtu kwa karatasi, na kwa karatasi nikamkana. Nataka kitu kimoja ambacho wizara haiwezi kunituma nikakifute. Hapa hakuna mtu mwingine. Pasua wewe."

Basi akalipasua. Ndani mlikuwa na buni mbili, zimelaliana kama zinavyokaa zote. Kila mmoja alijichanja karibu na kitovu, akaipaka buni damu, akaiweka kiganjani, na mwenzake akaila kutoka kiganjani pale. Ildefons alisema maneno ya kwao, ya kwamba ukija na njaa nitakulisha, ukija umefukuzwa nitakuficha, watu wangu ni watu wako, kisha akayarudia kwa Kiingereza ili mwenzake ajue anachoapa. Benedict akaapa huku akilia, akisema kwao nao wana kokwa wanayomvunjia mgeni. Felicitas alifuta wembe kwa jani la mgomba akarudi jikoni kuinjika chakula. Hakumwambia mtu, hata kwenye maungamo, kwa kuwa hakujua kama dhambi ni yake au ya kaka yake.

Miaka miwili baadaye Ildefons alikufa Dar es Salaam kwa ugonjwa wa figo. Jeneza lilikuja kwa treni mpaka Mwanza, kisha kwa meli mpaka Bukoba, likiandamana na bwana mmoja wa wizarani. Huyo alisoma hotuba ndefu kaburini, akasema marehemu ameliachia taifa urithi mkubwa katika uhusiano wake na mataifa. Felicitas alisikiliza akiwa nyuma na wanawake. Urithi wenyewe alikuwa anauona. Ulikuwa umesimama kando ya shimo, umevaa suti inayoubana makwapani, unalia kwa Kiibo, lugha ya kwao, na jioni ungetaka kula.

Tangu hapo mzigo ukawa wake peke yake. Benedict hakuwa mvivu. Lau angekuwa mvivu ingekuwa rahisi kumchukia. Aliamka mapema, akashika jembe kwa nguvu zote, akakata mizizi ya migomba aliyoambiwa aipalilie. Alitumwa chumvi akarudi na sabuni. Aliwafundisha watoto wa jirani Kiingereza bure, nao wakamwita Biafura, na mama zao walipokuja kulalamika kwamba amewachapa au hajawachapa, walimlalamikia Felicitas. Padri alimuuliza Felicitas, mjumbe alimuuliza Felicitas. Kila aliyetaka kujua mtu huyu anaamini nini, anakula nini, atakaa mpaka lini, alimsimamisha Felicitas njiani na mtungi kichwani. Mgongo ulianza kumuuma, na maumivu hayakuondoka tena.

"Bwana wako wa redio ameanza kula senene?" Immakulata, jirani yake, alimtania kisimani.

"Anakula. Na si bwana wangu."

"Haya, ni wa nani basi?"

Wanawake wakacheka. Felicitas naye akacheka kidogo, akajitwika maji. Njia nzima swali lile lilimtembelea kichwani, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Mwaka ule wa 1974 ndio amri ya vijiji ilipofika kwao. Huko walikokuwa wamebanana vibanjani, katika mashamba yao ya migomba, watu hawakuhamishwa sana, lakini kila kaya ilitakiwa kuandikwa katika kijiji, na wasio na ardhi walipewa viwanja kwenye rweya, yale majani matupu ng'ambo ya vibanja ambako udongo hauna rutuba. Buberwa, mjumbe wa nyumba kumi, Mlutheri mpole mwenye baiskeli isiyo na breki, alikuja akaketi barazani.

"Dada Felicitas, nyumba hii niwaandike nani na nani?"

"Mimi. Na Benedict."

"Benedict kama nani? Unajua mimi sina neno naye. Amemfundisha mwanangu mpaka ananisahihisha mezani. Lakini wanasema mgeni wa nchi nyingine lazima awe na ukoo unaomjibia. Asipokuwa nao nimpeleke Bukoba, kwa watu wa uhamiaji, nao watampeleka kwenye ubalozi wake."

"Ubalozi wake upi?"

"Wa Nigeria, Dar es Salaam. Ndio uliopo."

Benedict alikuwa uani anapasua kuni. Shoka lilinyamaza.

Juma lilelile Rwegasira alikuja. Alikuwa mdogo wao, na kwa kuwa Ildefons hakuacha mtoto, yeye ndiye aliyesimikwa kuwa mrithi. Kibanja kilikuwa chake, na nyumba pia. Kwa miaka miwili alikuwa amemwacha dada yake akae, bila kelele, na Felicitas alijua kwamba wengine wasingefanya hivyo.

"Dada, mimi simchukii yule mtu," alisema. "Ila mwanangu anaoa mwakani, na ile pembe anayolima yeye ndiyo pekee niliyo nayo ya kumpa. Sasa Jumapili ukoo unakutana. Nasikia watu wanasema marehemu alikula naye omukago. Wanasema tu, hakuna aliyeona. Kama na wewe hukuona, hukuona. Huyo ataenda kwao, na nyumba hii utakaa mpaka Mungu akuite. Nitakuapia mbele ya wazee."

"Na kama niliona?"

Rwegasira alijikuna kidevu. Hakuwa mtu wa kutisha watu, na jambo hilo lilimpa shida kulisema. "Basi nitakuwa nimepewa ndugu nisiyemchagua, nimlishe na kumzika. Na mimi nyumba nitaipanga upya."

Alipoondoka Felicitas aliendelea kumenya ndizi. Alijaribu kuiona nyumba bila Benedict. Aliiona vizuri kabisa. Aliona chungu kidogo cha mtu mmoja. Aliona mchana ambao hakuna anayemwita kutoka migombani kuuliza hiki ni gugu au ni maharage. Alitamani, wala hakujidanganya kwamba hatamani. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na tangu arudi kutoka Kagondo hakuwahi kukaa na kitu ambacho ni chake na hakina mtu anayekidai.

Jioni Benedict alikuja jikoni akachuchumaa karibu na mlango.

"Dada, nimesikia yote. Ukuta wa bati hauna siri. Sema hukuona."

"Umesemaje?"

"Sema hukuona. Mimi si mara ya kwanza. Nimewahi kwenda kulala nina nchi, nikaamka sina. Safari hii angalau nimeambiwa siku nne kabla." Alitabasamu, lakini vidole vyake vilikuwa vinavunjavunja kijiti. "Nitafika kule. Nitaeleza. Watakuwa wema, nadhani."

Felicitas aliweka kisu chini kwa nguvu. "Nimekupikia miaka yote hii, leo ndio unakuja kunifundisha uongo jikoni kwangu? Toka. Nenda ukafunge mbuzi."

Jumapili baada ya misa walikutana nyumbani kwa Rwegasira. Majani mabichi yalikuwa yametandazwa sakafuni, yananukia. Wanaume waliketi kwa kuzunguka, wanawake upande wa mlango wa nyuma, na Benedict akapewa kigoda katikati, magoti yake yamemfika karibu na kifua. Mzee Byabato, aliyekuwa akiulizwa kila jambo la mila kwa sababu wenzake wa rika walikuwa wamekufa, aliuliza kwa sauti kavu kama kuna mtu aliyeona marehemu akichanjana na mtu huyu. Watu wakatazamana. Rwegasira alitazama majani.

"Mimi, tata," alisema Felicitas, akimwita baba kwa Kihaya. "Tunda nililipasua mimi."

Kelele ilizuka. Mtu mmoja alisema mwanamke hapasui, mwingine akasema hajawahi kusikia. Byabato aliinua mkono.

"Lilikuwa bivu, au ni hizi zilizopikwa tunazowapa wageni?"

"Bivu, tata. Kutoka mti wa jikoni."

"Moja au mbili ndani?"

"Mbili."

"Maneno yalisemwa?"

"Yalisemwa kwa Kihaya. Halafu kwa Kiingereza."

"Omukago wa Kiingereza!" alipaza sauti kijana mmoja karibu na mlango, na nyumba nzima ikacheka, hata Byabato, hata Benedict, ambaye pengine hakuelewa. Kicheko kilipokwisha mzee alijifuta macho.

"Ameharibu," alisema. "Ildefons amesoma sana na ameharibu. Hakuita mwanamume hata mmoja wa ukoo ashuhudie. Kwa hiyo ukoo haukuapa. Lakini mtu huyu amekula damu yake, naye akala ya mtu huyu. Niende kuitafuta tumboni mwa maiti? Walikuwa ndugu, wao wawili. Sasa mmoja amekufa, na aliyekaa mahali pake yupo hapa." Alikisukuma kikapu kidogo cha akamwani mbele ya Rwegasira. "Mpe ale, tujue ni wako. Au usimpe, tujue si wako. Hakuna atakayekulaumu."

Rwegasira alikitazama kikapu. Akamtazama mwanawe aliyekuwa anaoa mwakani, kisha mkewe, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wake haukwenda popote. Hapakuwa na ubaya usoni mwake. Palikuwa na hesabu ya ardhi tu, na ardhi haikutosha.

"Basi," alisema Buberwa taratibu kutoka kona aliyoketi kama shahidi wa serikali. "Alhamisi nitampeleka Bukoba."

Benedict alikuwa ameanza kuinuka, kwa heshima, kama mtu anayeaga baada ya chakula. Felicitas alijisikia anasimama. Alipita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akachota buni kikapuni, akasimama mbele ya kigoda na kiganja wazi.

"Kula," alisema. "Na utafune safari hii."

Alikula. Hakuna aliyecheka.

"Mwandike kwangu," Felicitas alimwambia Buberwa.

"Kwako wapi, dada?" Buberwa aliuliza kwa huruma. "Nyumba ni ya Rwegasira."

Hilo hakuwa amelifikiria. Aligeuka kumtazama mdogo wake, akijua kwamba akimwomba sasa hivi, mbele ya watu, huenda akaona haya na kukubali. Rwegasira naye alijua.

"Niandike kwenye rweya," alisema Felicitas.

"Dada, udongo wa kule..."

"Naujua udongo wa kule. Niliuchungia mbuzi nikiwa mtoto. Andika kaya mbili, nisije nikasutwa na padri. Yeye yake, mimi yangu, jiko moja."

Hivyo ndivyo Felicitas alivyohama kutoka nyumba ya bati. Rwegasira aliwasaidia kubeba, bila kusema mengi. Alibeba kitanda, akabeba mawe ya kusagia, akarudi kuchukua chipukizi za migomba ambazo hakuna aliyemwomba, akaziweka chini, akaenda zake haraka. Benedict alijenga kibanda kimoja kikaegemea upande, akakibomoa, akajenga tena. Upepo wa rweya ulipita bila kuzuiwa na jani lolote. Ulikuwa upepo ambao Felicitas alikuwa ameusahau, na haukumpendeza.

Siku walipomaliza kuezeka kibanda cha pili, Benedict alisimama mbele yake, majani yamemjaa nywelani.

"Dada, unajuta?"

Felicitas aliufikiria udongo ule, mwepesi na wa kijivu, na samadi itakayotakiwa kubebwa kichwani, mzigo kwa mzigo, kabla mgomba haujakubali kushika. Kwa mwendo wake huenda ikachukua misimu mingi. Huenda mkungu wa kwanza ukawa mwembamba kama kidole.

"Nenda kachote maji," alisema. "Leo na kesho utachota wewe. Mgongo wangu umekataa."

Benedict alichukua mtungi akashuka bondeni, akiubeba vibaya. Felicitas aliketi juu ya mkeka uliokunjwa, akanyoosha miguu. Alikuwa amechoka mno hata kujuta, na kabla jua halijazama kulikuwa bado na ukuta mmoja wa kukandika.